Miguu Kuelekea Magharibi

Stillhouse, Kentucky
9 Novemba 1966

Mdogo wangu Verlie,

Salamu kutoka bondeni. Sisi tunasogea, Mungu ni mwema. Mzee wangu Dewey kifua kinambana tangu baridi ianze, yale makaa ya mawe aliyoyavuta mgodini miaka ishirini na sita hayataki kutoka. Lakini anakula, na jana alinigombeza kwa sababu ya chumvi kwenye maharage, kwa hiyo najua hafi wiki hii. Nimepika mitungi kumi na minne ya matufaha ya kupaka mkate, kama alivyokuwa akipika Mama. Shemeji Ray hajambo? Mguu wake umepona?

Sasa. Jumatatu nilishuka posta, Ocie akanipigia kelele kutoka nyuma ya dirisha lake, watu wamejaa: "Orpha! Mdogo wako yuko kwenye gazeti la Ohio! Mbona umetuficha?" Nikamjibu kwamba najua, nilikuwa nasubiri wakati mzuri wa kuwaambia. Verlie, nilisema uongo mbele ya watu wanne, na mmoja wao ni mke wa Hobart Maggard.

Nimeambiwa umeshona blanketi la viraka lenye habari ya ugomvi wetu na akina Maggard, na limetundikwa ukutani kwenye ukumbi, watu wanasimama kuliangalia. Mimi nimeshona mablanketi tangu nina miaka saba na hakuna mtu aliyewahi kutundika hata moja. Sisi huku tunayalalia.

Siandiki kwa ubaya. Ningependa tu kusikia habari za ndugu yangu kutoka kwa ndugu yangu.

Dada yako,
Orpha


Hamilton, Ohio
27 Novemba 1966

Dada Orpha,

Shikamoo, na unisamehe. Niliandika barua mbili kukueleza, nikazichana zote. Nilijua utakasirika, nikachelewesha, na sasa umekasirika maradufu.

Ray hajambo, mguu umepona, amerudi kazini. Mimi bado niko kwenye kiwanda cha karatasi, mikono imekauka kama ngozi ya mbuzi. Mwaka jana nilijiunga na darasa la jioni la sanaa, bure kabisa, kwenye shule iliyo karibu nasi. Mwalimu akatuambia kila mtu atengeneze kitu cha kwao. Wengine walichora ng'ombe. Mimi sijui kuchora, najua sindano, tena naijua nusu yako.

Nimekuwekea picha kubwa humu ndani, si ile ya gazeti. Katikati ni kijito. Upande wa kushoto ni nyumba yetu, nimeishona kwa lile gauni la Mama la bluu. Upande wa kulia ni akina Maggard. Ile kengele ya ng'ombe iliyoanzisha balaa lote nimeiweka juu, na jua linachomoza pembeni kulia. Chini ni majeneza sita, ya wale waliokufa mwaka 1884: wanne wetu kushoto, na Leander na Enos Maggard kulia. Nimeyakata kama yalivyokuwa majeneza ya zamani, mapana mabegani na membamba miguuni.

Kuna jambo jingine. Kamati ya akina mama ya huko nyumbani imeniandikia. Wanataka blanketi litundikwe kwenye jengo la mahakama mwezi wa sita, koo zote mbili ziwepo. Bado sijawajibu. Nataka kwanza wewe uiangalie picha, Dada. Uiangalie vizuri, hasa upande wa Maggard. Ukiona kitu usininyamazie.

Mdogo wako,
Verlie


Stillhouse
14 Januari 1967

Mdogo wangu Verlie,

Barua yako ilifika kabla ya Krismasi. Theluji ilitufungia, halafu Dewey akawa na wiki mbaya, ndiyo maana sikuandika mapema. Ule mfuko wa kahawa tuliupokea, ahsante. Dewey anasema kahawa ya Ohio ni maji yaliyoogopeshwa, lakini anaimaliza.

Picha nimeiangalia. Sioni cha kusema. Waambie kamati unavyotaka, wewe ndiye waliyekuandikia.

Ila nina swali. Habari ya kengele, namna walivyoikuta kwenye shingo ya ng'ombe wa Maggard, na maneno aliyoyasema Babu Tandy pale kwenye uzio, Mama alinisimulia mimi. Tulikuwa jikoni tunamenya matufaha, mimi na yeye tu. Alinisimulia kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikikaa naye. Wewe ulikuwa umelala. Sasa naona kwenye picha kengele ipo na uzio upo. Nani alikupa?

Orpha


Hamilton
2 Februari 1967

Dada yangu,

Nani alikudanganya kwamba nilikuwa nimelala? Kule juu darini ubao ulikuwa na tundu, kubwa kama yai la bata. Niliweka sikio pale mpaka likapata alama. Nilikuwa nawasikia nyinyi wawili mnacheka, harufu ya matufaha inapanda, na mimi nimeambiwa nilale kwa kuwa ni mdogo. Wewe unaona nimekuibia hadithi. Mimi nilikuwa naona wewe umeniibia Mama. Haya, tumekwishaambiana.

Nimewajibu kamati kwamba nakubali. Ni Jumamosi ya tarehe kumi mwezi wa sita, siku moja kabla ya meza ya Bwana na kuoshana miguu kanisani kwetu. Nikipata ruhusa kazini nitakuja kwa basi.

Lakini Dada, una hakika umeuangalia upande wa Maggard? Sikuulizi mishono. Najua utasema mishono yangu imeachana kama nguzo za uzio. Nakuuliza kile nilichokishona.

Msalimie Dewey. Mwambie kahawa nyingine inakuja, hii imeogopeshwa zaidi.

Verlie


Stillhouse
19 Machi 1967

Verlie,

Sote wazima, isipokuwa Dewey alilazwa siku nne mjini. Amerudi. Kijito kilifurika kikachukua banda la kuku, kuku nimewaokoa wote ila yule mwekundu. Vitunguu nimeshapanda.

Umeniuliza mara mbili, na nimekwisha kujibu.

Orpha


Stillhouse
21 Mei 1967

Mdogo wangu mpendwa Verlie,

Kaa chini kabla hujasoma.

Dewey ni mzima, hakuna aliyekufa. Ni mimi. Jana kanisani mchungaji alisimama, akatukumbusha kama kila mwaka: mwenye jambo na mwenziwe alimalize kabla ya Jumapili ya meza, asije akashika miguu ya mtu huku moyo wake umekunja ngumi. Alisema hayo kwa wote. Hakuniangalia. Lakini nilikaa pale kwenye benchi la wanawake nikahisi masikio yangu yanaungua.

Nitaanza na la kwanza. Kamati ya akina mama ilikuja kwangu kabla ya kwenda kwako. Walisikia nina blanketi la ugomvi, na ni kweli ninalo, nimelishona miaka mitatu ya baridi, mishono kumi na miwili kwa inchi, ukilipitisha mkono huhisi uzi. Wakalikunjua kitandani. Mwenyekiti akasema, "Ni zuri, Dada Orpha, lakini mbona makaburi ni manne? Wako wapi wa Maggard?" Nikasema mimi nimeshona watu wangu. Wakanishukuru, wakala keki yangu, wakaenda. Wiki tatu baadaye Ocie akanipigia kelele posta. Blanketi langu liko sandukuni, sijawahi kukuambia kama lipo.

La pili ndilo baya. Picha yako niliiangalia siku ileile ilipofika. Nilichukua kioo cha kusomea cha Dewey nikaenda nayo dirishani, nikitafuta kosa, Mungu ananijua. Nikalipata. Majeneza yetu manne umeyalaza sawa, vichwa magharibi, miguu mashariki, ili waamke wakilitazama jua na Bwana anayekuja nalo. Yale mawili ya Maggard umeyageuza. Upande mwembamba uko magharibi. Watainuka siku ile wamempa Bwana kisogo.

Nilicheka, Verlie. Nilisimama pale dirishani nikacheka peke yangu mpaka Dewey akauliza, "Kuna nini?" Nikamwambia hakuna. Moyoni nilikuwa nasema, tazama, miaka ishirini na moja ya mji, amesahau hata namna tunavyozika watu. Nikaamua nikuache. Nilijiona siku hiyo mahakamani, nimevaa gauni langu la kijivu, akina Maggard wakinong'onezana, Hobart akitikisa kichwa, na mtu mmoja akisema, "Orpha asingekosea namna hii." Hayo maneno nimeyatengeneza mwenyewe, nimeyasikiliza miezi mitano kama wimbo. Na wewe ulinibembeleza mara mbili niseme, na mimi nikanyamaza.

Wivu wangu haukuanza na gazeti. Unakumbuka kila mwaka siku ya kuoshana miguu, Mama alivyokuwa akifunga taulo kiunoni? Nilipobatizwa nilikaa mwisho wa benchi, viatu nimevua, nikimngoja. Akanipita. Akaenda kupiga magoti mbele ya bibi kizee Zilpha, mama yake Hobart Maggard. Mwaka uliofuata hivyohivyo, mpaka Zilpha akafa. Alimwosha mwanamke wa Maggard miaka yote ile, miguu yangu hakuigusa hata mara moja. Nilidhani anataka kuonekana mtakatifu. Nilimchukia Zilpha yule maskini na miguu yake yenye sugu.

Sasa nimekwisha kusema. Fumua yale majeneza mawili uyageuze, una wiki tatu, ni kazi ya jioni mbili. Ukitaka kutoniandikia tena nitaelewa.

Dada yako,
Orpha


Hamilton
27 Mei 1967

Dada Orpha,

Nilikasirika siku mbili. Ray aliniuliza amefanya nini, nikamwambia si wewe, ni dada yangu, akasema afadhali. Siku ya tatu nikasoma tena barua yako nikalia, na leo nakuandikia.

Dada, si kosa. Nilidhani unajua.

Niliposema uangalie upande wa Maggard, nilikuwa nakungoja uniulize kwa nini. Ungeuliza ningekueleza. Ulipojibu huna cha kusema, nikajiambia, kumbe Mama alimwambia na yeye, na hataki tuliguse. Nikaogopa. Nikakuuliza tena, ukanikata. Basi nikanyamaza na mimi. Tumekaa miezi mitano kila mtu anadhani mwenzake anajua kitu.

Siku ile ninaondoka, mwaka 1946, ni Mama tu aliyenisindikiza, wewe ulikuwa umebaki na Dewey aliyevunjika mkono. Tulisimama asubuhi mbele ya duka kungoja basi. Mama alikuwa ameshika begi langu, hataki kuniachia. Akasema, "Kuna kitu nataka ukibebe." Nikadhani ni mkate.

Akaniambia kwamba Leander na Enos walipouawa pale kwenye kivuko, ndugu zao walikuwa wamekimbia ng'ambo ya mlima, hakuna wa kuwazika. Babu Tandy na wanawe ndio waliochimba, ng'ambo ya kijito. Watu wakamsifu kwamba amezika maadui zake kama Mkristo. Lakini aliwalaza kinyume makusudi. Alisema, "Wasimwone hata siku ile." Bibi yetu mzaa baba alikuwa ameolewa juzijuzi na mmoja wa wanawe, aliwapelekea wachimbaji chakula, akaona, akasikia. Alikuja kumwambia Mama wakati anakufa. Mama akabaki nalo.

Nikamwuliza kwa nini ananiambia mimi, si wewe. Maana hata mimi nilijua wewe ndiye mtoto wa jikoni. Akasema hivi, nakuandikia maneno yake yalivyo: "Wewe unaondoka. Orpha atakaa na hawa watu kila Jumapili maisha yake yote. Nitamwekaje hilo mapajani?" Basi likaja, nikapanda.

Hakukupita kwa kutokukupenda. Nami sasa ndipo ninapoelewa miguu ya Zilpha. Sikuwahi kufikiri kuihusu mpaka ulipoiandika.

Blanketi nimelituma jana kwa kamati. Majeneza sikuyageuza. Ukiona ni bora yageuzwe, nenda kayageuze, nakupa ruhusa, una mkono mzuri kuliko wangu. Lakini kwanza vuka kijito ukaangalie.

Mimi nakuja. Ruhusa nimepata.

Verlie


Stillhouse
4 Juni 1967

Verlie, mdogo wangu,

Dewey anakusalimu, anasema ulete kahawa.

Nimevuka. Nina miaka hamsini na miwili, naishi hatua mia tatu kutoka pale, na kila mwaka siku ya kupamba makaburi nafyeka upande wetu, naweka maua ya karatasi, halafu narudi. Upande wao ni wa kwao. Ndivyo tulivyofundishwa, na mimi niliita hiyo adabu.

Nimekuta mawe mawili makubwa ya kichwani na mawili madogo ya miguuni, mawe ya mtoni tu, hayana jina. Makubwa yako mashariki, Verlie. Yalikuwepo siku zote. Ningeinua shingo nikiwa upande wetu ningeyaona.

Sikuwa peke yangu. Hobart alikuwa pale na panga lake, anakata miiba. Akanitazama juu mpaka chini.

"Orpha Crabtree," akasema. Miaka thelathini na miwili nimeolewa, bado ananiita la baba yangu. "Daraja limekupotosha?"

"Nimekuja kuangalia mawe."

"Haya, yaangalie. Hayajakimbia."

Nikasimama. Nikamwambia, "Hobart, ni Babu Tandy aliyewageuza. Makusudi."

Akaendelea kukata. Nikadhani hakusikia. Kisha akasema, "Najua. Mama yangu alijua, na mama yake. Unadhani sisi hatuoni jua linatokea wapi?"

"Mbona hamkusema?"

"Tuseme nini? Tuwafuate watu wa Crabtree tuwaambie mmefanya hivi? Hilo si la kusema sisi." Akafuta panga kwenye suruali. "Mama alikuwa anatuambia, ngojeni, siku moja mmoja wao atavuka. Alidhani atakuwa mama yako. Kila mwaka alipomwosha miguu alikuwa analia tu, anafungua mdomo, anafunga. Mama akawa anarudi nyumbani anasema, 'Mwaka huu alikaribia.'"

Verlie, niliketi chini kwenye nyasi za Maggard kama mtoto. Hobart akanipa maji kwenye kifuniko cha chupa yake.

Nikamwambia habari ya blanketi, kwamba ulilishona kama ilivyo, na kwamba nina ruhusa ya kuyageuza majeneza. Nilitaka aniambie niyageuze. Nilikuwa na mkasi kwenye mfuko wa aproni, nimetoka nao nyumbani.

"Usiliguse," akasema. "Wamelala hivyo, waacheni walale hivyo ukutani. Bwana ana akili ya kuwageuza mwenyewe. Ila watu watauliza, na atakayewajibu asiwe mimi, wala asiwe mdogo wako aliyehama. Awe mtu anayekaa hapa."

Kwa hiyo, mdogo wangu, Jumamosi watu watakuwa wanaangalia kazi yako na kunisikiliza mimi. Mungu anisamehe, hilo limenifurahisha kidogo. Nakuambia ili usije ukaniona nimekuwa malaika. Na lile la dukani bado linaniuma. Najua sasa kwamba Mama aliniepusha, na bado ningependa angeniambia. Ningebeba. Sijui. Labda ningeacha kwenda kanisani. Ningependa tu angenishikilia begi na mimi asubuhi moja.

Jana nilikwenda mahakamani wakati wanalitundika. Niliomba ngazi. Mwenyekiti wa kamati akasita, akaogopa nitalifanya nini. Nikapanda, nikalipitisha mkono. Lile gauni la bluu la Mama lina alama ya pasi pale karibu na mlango wa nyumba, umeiacha makusudi, nimeijua. Mimi ndiye niliyeliunguza nikiwa na miaka kumi na moja, na Mama akasema ni yeye ili Baba asinipige. Hukuwa umezaliwa wakati huo, wala tundu lako la darini halikusikia. Hilo ni langu.

Mkasi haukutoka mfukoni.

Mishono yako ni saba kwa inchi. Nimehesabu. Ni aibu, lakini imeshika.

Basi likifika Ijumaa nitakuwa mbele ya duka. Jumapili uje na soksi zinazovulika upesi, ukae mwisho wa benchi la wanawake, karibu na dirisha, usikubali mtu mwingine akuwahi. Maji nitayapasha mwenyewe. Nitaanza na mke wa Hobart, kwa sababu zamu hiyo imeachwa wazi muda mrefu, na wewe utaona napita mbele yako na beseni. Usiumie. Ninarudi.

Dada yako,
Orpha